Kwenye spining, kinachozunguka ni nini?

Juzi tena, kando ya mto Mississippi huku Minnesota, jamaa yangu kaniita niione "spining" yake mpya ya kuvulia smallmouth, samaki wa maji baridi wa huku, kufika naona fimbo ni ile ya rili (kifaa cha kukunjia uzi) ya kukaa juu, ina kikulabu cha kidole kwenye mshikio na vipete vidogo vidogo, halafu chini kaning'iniza rili ya spining. Kurusha, uzi unagonga kipete cha kwanza, chambo kinaanguka hapo hapo miguuni.

Haya, kwa kifupi: spining ni seti nzima, rili inaning'inia chini ya fimbo na pete ya kwanza ni pana maana uzi unatoka kwa miduara mikubwa. Kwa smallmouth chukua fimbo ya futi 7 hivi, nguvu ya kati au chini yake kidogo, inayopinda kwenye ncha, rili saizi 2500, uzi wa kusuka unaohimili paundi 10, mbele unaunga kipande cha uzi wa plastiki wa fluorokaboni cha paundi 8. Basi.

Sasa hilo jina, maana kila mtu anakwambia ni spining kwa sababu rili inazunguka. Hapana bwana. Waingereza walikuwa wanasema spining kabla hizi rili hazijakuwepo, walimaanisha kuvuta chambo majini kijizungushe kama dagaa aliyejeruhiwa. Rili yenyewe ilikuja baadaye, mwaka 1905, Mwingereza mmoja mwenye kiwanda cha nguo, Alfred Holden Illingworth, akasajili rili ambayo kigurudumu cha uzi kimesimama tu! Si umeona zile koni za uzi za fundi wa ovaloki? Koni imetulia, uzi unachomoka kwa juu. Ndiyo hivyo hivyo. Ukirudisha uzi, kinachozunguka ni ule mkono wa waya, unauviringisha kwenye kigurudumu.

Na ndiyo maana tunaitumia kwa smallmouth, vyambo vyake vingi ni vidogo, gramu 4 au 5, vinafanana na kamba wa mtoni, kitu chepesi hivyo hakina ubavu wa kuzungusha kigurudumu cha rili ya juu. Hapa hakizungushi chochote.

Kile kigurudumu kinazunguka wakati mmoja tu, samaki akikimbia na breki ikaachia, unasikia krrrrr. Na smallmouth atakimbia, ataruka na nje ya maji. Hapo ndipo watu wanakazana kuzungusha mpini, uzi hauingii hata inchi moja, unajisokota tu, kesho yake unatoka umejikunja kama nywele za kipilipili halafu lawama kwa aliyeuza uzi.

Kwa hiyo kaka, breki ikilia acha mpini, subiri atulie. Na hiyo fimbo yako haina kosa, itafutie rili ya juu tu.