Kigoma Kuelekea Januari 2028: Darasa, Karakana na Mtoto wa Mwaloni

Mzazi wa Katonga au Kibirizi akiulizwa kama mwanawe amepata nafasi sekondari, mara nyingi hujibu kwa kutaja orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule: jina lipo, basi nafasi ipo. Sisi tunaoshughulika na elimu na mafunzo ya ufundi mkoani Kigoma tumekuwa tukihesabu nafasi kwa namna hiyohiyo, yaani idadi ya vyumba, idadi ya madawati, idadi ya majina. Mzazi mmoja aliwahi kutueleza, bila kukusudia kutufundisha lolote, kwamba jina la binti yake lilishafika sekondari tangu Januari, ila binti mwenyewe bado yuko nyumbani anaanika dagaa. Makala haya yanaeleza sera inasema nini juu ya nafasi za shule na uanagenzi (kujifunza ufundi kazini kwa makubaliano ya maandishi), na pengo hilo kati ya jina na mtoto linazibwaje.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita anatarajiwa kumaliza kidato cha nne akiwa na miaka 16 hivi. Msingi wa mageuzi hayo uliwekwa na Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo mlango uliokuwa ukifungwa baada ya darasa la saba, pale ambapo aliyefaulu aliendelea na aliyekosa alirudi shambani au ziwani, kisera haupo tena.

Mabadiliko hayo yana hesabu yake, nayo inafaa ieleweke hadi kwenye mikutano ya vijiji. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na miongoni mwa madarasa yaliyoanza nao ni darasa la tatu. Watoto hao watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwishoni mwa 2027. Waliokuwa darasa la nne mwaka huohuo wa 2024 wanaendelea na utaratibu wa zamani na watamaliza darasa la saba, nao mwishoni mwa 2027. Mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Tuchukue kata ya mfano ambayo kwa kawaida hupeleka watoto 240 sekondari: kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa chumba inahitaji vyumba sita vya kidato cha kwanza, na mwaka huo itahitaji 12. Mwaka utakaofuata uandikishaji utarudi kuwa wa mkupuo mmoja, lakini wimbi halitakuwa limekwisha. Litakuwa kidato cha pili 2029, cha tatu 2030, na mwishoni mwa 2031 mikupuo miwili itafanya mtihani wa kidato cha nne kwa pamoja. Anayepanga madarasa ya 2028 bila kupanga vyuo na karakana za 2032 amelisukuma tatizo mbele kwa miaka minne.

Kwa upande wa majengo nchi ina uzoefu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ndio uliotuletea shule za kata. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga vyumba 15,000, vikiwemo 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo za watoto walio mbali na shule mama. Na SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ulilenga kujenga shule mpya za sekondari kwenye kata zisizokuwa nazo. Kigoma, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967, imepata sehemu yake. Ukuta, hata hivyo, haumsogezi mtoto. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Kagunga upande wa kaskazini na Kalya upande wa kusini, boti bado ni usafiri wa kutegemewa, na ziwa likichafuka hakuna anayesafiri. Hata bara, kata moja inaweza kuwa na vitongoji vilivyotawanyika kiasi kwamba shule ya kata, iliyoitwa hivyo ili iwe karibu, inabaki kuwa mwendo wa saa mbili kwa mguu.

Ndipo unapokuta geto. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mwenye miaka 13, anapangishiwa chumba karibu na shule, anapewa debe la unga wa muhogo, mafuta ya mawese kwenye chupa ya maji, na godoro la kulalia wawili. Hakuna mtu mzima ndani ya nyumba. Kwa msichana, hatari ya mpango huo inajulikana kwa kila mtu kuanzia mwenyekiti wa kitongoji hadi mwenye nyumba, na bado ndio mpango unaotumika pasipo na hosteli. Waraka wa elimu bila malipo uliacha sare, madaftari na chakula mikononi mwa mzazi, lakini kodi ya chumba cha geto haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kuna pia kalenda ambayo haimo kwenye kitabu cha mahudhurio. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Walimu wa shule za mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, wanaufuata mwezi wa angani kuliko ule wa ukutani, maana siku za giza ndizo viti hubaki wazi: mikono ya watoto inahitajika kutandaza na kugeuza dagaa kabla jua halijapungua nguvu. Mtoto huyo haachi shule kwa siku moja tu. Anakosa wiki, anarudi, anakuta hesabu za sehemu zimeshapita, anaona aibu, anakosa tena. Kwa maoni yangu utoro wa namna hii hautibiwi kwa kumwita mzazi ofisi ya kata peke yake. Unahitaji shule yenye chakula cha mchana na mwalimu aliyetengewa muda wa kufidia vipindi. Familia zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini hupata ruzuku ambayo sehemu yake inategemea mahudhurio ya mtoto, na tumeona inasaidia, ingawa si kila kaya yenye shida imo kwenye orodha.

Kwa aliyekwisha kutoka, njia za kurudi zipo na wazazi wengi hawazijui. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu aliyekatiza masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na msichana aliyejifungua, kurejea katika shule ya mfumo rasmi. Mpango wa MEMKWA huwapokea watoto walioikosa elimu ya msingi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa miaka ya 1970, hufundisha ufundi na elimu ya sekondari nje ya mfumo rasmi, na vingi hupokea mama kijana pamoja na mtoto wake.

Sasa nije kwenye ufundi. Mtaala mpya umeweka mikondo miwili sekondari, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi, na Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo. Ni hatua njema. Lakini shule ya amali isiyo na karakana, umeme wa uhakika na mwalimu aliyewahi kushika chombo chenyewe ni shule ya jumla iliyobadilishiwa kibao. Mkoa huu ulikaa miaka mingi ukitegemea majenereta ya dizeli, na fundi wa kuchomelea alikuwa akianza kazi umeme ukirudi, hata kama ni saa tano usiku. Tusitarajie vifaa kujaa katika shule zote kwa miaka miwili mitatu. Wakati tukisubiri, karakana ziko tayari mitaani: gereji za Mwandiga, mafundi seremala wa Kasulu, washonaji wa sokoni Ujiji, na waunda boti za mbao wa pwani ya ziwa, ambao bado wanakalafati viungo kwa pamba kama walivyofundishwa na baba zao.

Hapo ndipo uanagenzi unapoingia, na neno hili linahitaji kutenganishwa na mengine yanayofanana nalo. Mwanafunzi wa chuo anayepelekwa kiwandani kwa wiki chache yuko kwenye mafunzo kwa vitendo. Kijana anayeshinda gereji akitumwa spana na kulipwa chakula cha mchana ni saidia fundi. Mwanagenzi ni mtu wa tatu: ana makubaliano ya maandishi, ana muda unaojulikana wa kuanza na kumaliza, anajifunza kwa kufuata mtaala, na mwisho anatathminiwa na kupewa cheti kinachotambuliwa. Miongozo ya kitaifa ya uanagenzi ilitolewa mwaka 2017, na VETA imekuwa ikitoa mafunzo ya uanagenzi pacha, ambamo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na sehemu ya kazi, akijifunza nadharia upande mmoja na kuizoea kazi halisi upande wa pili.

Ugumu ni kwamba mfumo huo umeshonwa kwa kipimo cha mwajiri mkubwa. Tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi mwaka 2023, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Fundi wa Mwandiga ana vijana watatu chini ya mwembe; haingii kwenye tozo, na kwa kuwa haingii, hakuna anayemhesabu kuwa mahali pa mafunzo, ingawa amefundisha vijana wengi kuliko baadhi ya vyuo. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma unahitaji wachomeleaji, mafundi umeme na waendesha mitambo, na mkandarasi hawezi kumpa kazi mtu kwa kuangalia mikono yake tu. Anauliza cheti.

Mzazi anayempeleka kijana kwa fundi aombe maandishi, hata ukurasa mmoja uliosainiwa mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Uonyeshe ni fani gani, muda gani, saa ngapi kwa siku, posho kiasi gani, nani ananunua miwani na glavu, na akiumia nani anampeleka hospitali. Umri nao uangaliwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Wa miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu isiyomzuia kusoma. Na kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Anayemaliza kidato cha nne na miaka 16 anaweza kuwa mwanagenzi, lakini asiachwe peke yake chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki na tofali. Kwa wale wanaotaka kwenda chuoni moja kwa moja, fomu ya machaguo ya kidato cha nne, yaani Selform, ijazwe mzazi akiwa anajua mtoto ameandika nini.

Kwa aliyejifunzia mtaani kuna utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaoendeshwa kupitia VETA. Fundi hutathminiwa kwa kazi na kwa maswali, hupewa mafunzo ya kujazia pale palipopungua, kisha hupata cheti cha ngazi aliyostahili. Nilimwona kijana wa gereji akipitia tathmini ya namna hiyo. Alishusha gia boksi na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja mezani, na wakaguzi wakatazamana. Kisha akapewa karatasi yenye mchoro wa mfumo wa breki na maelezo ya mistari sita, aeleze kasoro iko wapi. Aliishika muda mrefu, akaigeuza, akasema miwani ameisahau nyumbani. Alikuwa na miaka 19 na hakuwahi kuvaa miwani. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, msimu wa dagaa.