Konda, Paza Sauti: Asiyeona Naye Ni Abiria

Kibao cha ruti mbele ya kioo cha daladala hakimsaidii kitu abiria asiyeona. Kinachomsaidia ni konda anayeita, "Nanenane, Nanenane, bado wawili!" Kelele hizo zinazotukera wengine ndizo zinazomwonyesha gari lake. Konda akinyamaza, abiria huyo huachwa amesimama. Ndani ya gari nako, kituo kitajwe mapema, si mlango ukishafunguliwa na watu wanasukumana.

Njiani, fimbo nyeupe ya asiyeona hupapasa chini tu. Itagundua shimo, ngazi na ukingo wa mtaro, lakini haitagusa usukani wa bodaboda iliyoegeshwa njia ya waenda kwa miguu, wala bati la kibanda lililochomoza usawa wa uso. Akivikwepa, anaishia barabarani kwenye malori. Mtaro usio na mfuniko ni hatari zaidi masika, maji yakishaujaza.

Sasa kuvusha mtu. Wengi, kwa nia njema kabisa, humkamata mkono au fimbo na kumburuta. Usifanye hivyo. Msalimie, jitambulishe, muulize kama anahitaji msaada. Akikubali, mpe kiwiko ashike mwenyewe, nawe utangulie nusu hatua. Mwili wako ukipanda au kushuka, naye anajua. Mkifika ukingoni tua kidogo, useme "tunapanda". Ukimwelekeza, achana na "pale" na "kule" (pale wapi?). Sema: "Mlango uko kushoto kwako, hatua tano."

Kuna pia vigae vya kuhisi kwa mguu, alivyobuni Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965. Vya kwanza viliwekwa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Mistari maana yake endelea, vinundu, simama. Fundi asiyeelezwa huvipanga kama urembo, na mstari ukaishia kwenye nguzo. Afadhali visiwepo.

Wenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wengi wenye ualbino, wanahitaji rangi inayokolea kwenye kingo za ngazi na maandishi makubwa yasiyong'aa juani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike. Kwa hiyo mhandisi, kabla hujamwaga zege, mwite asiyeona aipitie njia hiyo na fimbo yake. Hapa Dodoma, huko Buigiri wilayani Chamwino, kuna shule ya wasioona. Wa kuwauliza hawako mbali.