"Uwanja tunauona": tunavyojidanganya Bukavu kuhusu kukimbilia mahali wazi

Kila kikao na mashefu wa avenyu (viongozi wa vijitaa) kuhusu tetemeko, kuna mzee atakayeinuka: "Enjenia, sisi hatuna shida, uwanja tunauona kutoka mlangoni." Nimechoka kuisikia hiyo. Ukiwa Cimpunda au Nyamugo, kartie (mitaa) za hapa Bukavu, macho yanavuka bonde mara moja. Miguu inashuka ngazi za udongo, inaruka mtaro, inapenya kati ya kuta mbili za matofali ambapo watu hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu. Ardhi ikitikisika, kuta hizo huangukia kijia hichohicho. Kathmandu, Nepal, waliyaona hayo katika tetemeko la Aprili 2015: uwanja mkubwa wa Tundikhel ulikuwepo na ulijaa watu, lakini katika mitaa ya zamani vichochoro vilizibwa na matofali.

Hata wenzangu wa ofisini hukosea. Wanachora duara la mita 500 kuzunguka uwanja, basi kila aliye ndani amehesabiwa kuwa na kimbilio. Katika mji uliotandazwa juu ya rasi na milima! Pimeni kwa dakika, tena usiku, tena mkiwa na bibi wa fimbo na mama mwenye mtoto mgongoni. Halafu ulizeni ufunguo wa geti unalala kwa nani. Viwanja vingi vyetu viko ndani ya kuta za shule na parokia. Sentineli (mlinzi) akikimbia na ufunguo mfukoni, hamna uwanja. Mimi nadai ufunguo wa pili ukae kwa jirani aliye nje ya ukuta, anayejulikana na avenyu nzima. Wakubwa wa shule hunitazama kama mwizi. Naendelea kudai.

"Mahali wazi ni salama." Inategemea. Tokyo, katika tetemeko la 1 Septemba 1923, watu walijazana na vyombo vyao kwenye kiwanja kilichokuwa cha ghala la mavazi ya jeshi. Moto uliwafuata humo, wakafa wapata 38,000. Kwetu ongeza mlima: kiwanja kilicho chini ya mteremko uliochimbwa juzi kwa ajili ya parseli mpya za kujengea, kiepukeni.

"Uwanja mmoja unatosha kartie nzima." Kwa kusimama saa mbili, sawa. Kwa kulala wiki, viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka mita za mraba 45 kwa kila mtu kambini, njia na mahali pa kupikia vikiwemo. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unatoa watu 158. Hesabuni avenyu yenu peke yake.

"2008 tulitoka nje, tukapona." Tetemeko lile la 3 Februari, la ukubwa wa 5.9, lilipiga Jumapili asubuhi, watu wako macho na njia inaonekana. Tena tangu siku hiyo kuna vijia ambavyo ramani bado inavionyesha, na mtu ameshajenga jiko juu yake.