Mtoto "asiye na usumbufu"

Kwenye nyumba za kupanga, iwe Manzese au Mbagala, mtoto aliyetoka kituo cha kulelea watoto au aliyekuwa ametelekezwa husifiwa kwa mambo mawili. Kwanza, hasumbui: akianguka ananyanyuka mwenyewe, anajipangusa vumbi na kuendelea kucheza. Pili, ni mchangamfu: mgeni akiingia uani anamrukia mapajani, na fundi bomba akiondoka anamfuata hadi barabarani. Mimi mtoto huyu ananipa wasiwasi kuliko yule anayelia na kung'ang'ania kanga ya mlezi wake.

Mtoto mchanga hulia kwa sababu kilio huleta mtu. Akilia miezi na mtu asije, au leo aje huyu na kesho yule, anajifunza kwamba kulia ni kupoteza nguvu bure. Anaacha. Mwingine anajifunza kwamba kila mtu mzima anafaa, maana hakuna aliye wake. Utafiti ulioanza mwaka 2000 mjini Bucharest, Romania, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi vituoni, na kwa kura baadhi wakapelekwa kwenye familia za malezi. Waliohama kabla ya kutimiza miezi 24 walifanikiwa zaidi kujenga uhusiano salama na mlezi. Ule ubaridi wa kutolia wala kutafuta faraja hupungua haraka mtoto akipata familia nzuri. Tabia ya kumwendea kila mtu hung'ang'ania kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo msikate tamaa nayo mapema.

Basi, ninyi mliompokea mtoto kama huyu, kwa miezi mitatu ya mwanzo, punguzeni mikono. Mtu mmoja, wakizidi wawili, ndio wamlishe, wamwogeshe, wamlaze na kumfunga kidonda. Bibi, dada wa kazi na majirani wacheze naye na kumsalimia, lakini akiwa na njaa au ameumia wamrudishe kwa mlezi wake: "Twende kwa mama akuangalie." Najua hapa mtaanza kulalamika kwamba kwetu mtoto ni wa wote. Ni kweli, wala si kosa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipochunguza watoto wachanga vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliwakuta wakibebwa na wengi, lakini aliona namna wanavyomfuata mama na kumrudia. Huyu wa kwenu bado hana wa kumrudia. Apatikane kwanza.

Asipolia, mfariji hivyo hivyo. Ameanguka na hakukutazama? Nenda, chuchumaa, sema "Pole, umeumia goti," lioshe, lipulize. Akikakamaa usimkumbatie kwa nguvu. Kaa umbali wa mkono mmoja. Kumshika kwa lazima mpaka "alegee" ni hatari, na kunamwonyesha tu kwamba mtu mzima haaminiki.

Chakula ndicho kinachogombanisha nyumba nyingi. Ugali unakutwa chini ya godoro, maandazi ndani ya mto, na watu wazima wanasema mwizi. Kwanza mpelekeni kituo cha afya apimwe uzito, minyoo na upungufu wa damu. Kisha mpeni kopo lake la plastiki lenye mfuniko, liwekwe mahali anapofika bila kuomba. Tieni ndizi moja, andazi moja na biskuti tatu au nne. Chakula kilichopikwa msiweke, kwa joto la Dar kitachacha kabla ya jioni. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinapalia. Mlezi yule yule alijaze asubuhi na jioni, bila hotuba. Siku za mwanzo atamaliza vyote kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi hulificha kopo. Likifichwa, mmemthibitishia alichokuwa anakihofia. Wenzake wakinung'unika, kila mmoja apate kopo lake. Na kumnyima chakula kama adhabu kufe kabisa, hata kwa kosa gani.

Kosa jingine la kwetu ni kumtoroka mtoto. Mama anakwenda Kariakoo, anamwacha akicheza na kupita mlango wa nyuma ili asilie. Kwa mtoto huyu hilo ni kutelekezwa tena. Muage. Msimpe saa, mpeni tukio: "Narudi ukishakula mchana na kuoga." Mwachie kanga uliyoivaa, isiyofuliwa, ibaki na harufu yako. Ukirudi, mtafute yeye kabla hujatua mizigo.

Jiandaeni pia kwa wiki ya nne au ya sita hivi, maana wengi huanza kwa upole halafu wanalipuka: kuuma, kuvunja, kukojoa makusudi. Fimbo na kumfungia chumbani havifai hapa. Ondoa vitu vya kumdhuru, kaa karibu, sema kidogo kwa sauti ya chini, subiri. Akitulia mpe maji, ndipo mkafute mkojo pamoja. Sentensi moja isisikike nyumbani: "Nitakurudisha kituoni." Ni afadhali kunyamaza kabisa.

Si kila kitu ni malezi. Asiyegeuka akiitwa apimwe masikio; asiyezungumza au asiyetazama watu aonwe na daktari wa watoto kabla ya kubandikwa jina lolote, na kabla ya kupelekwa kutolewa mapepo. Kama mtoto amekujieni kwa mdomo tu, bila karatasi, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa manispaa yenu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ina utaratibu wa malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto asiye wako kwa muda, na wa kuasili. Ukatili ripotini kwa namba 116, bila malipo.

Siku moja atajikwaa kidogo tu, halafu atakuja mbio kwako akiangua kilio kikubwa kuliko jeraha. Majirani watasema umemdekeza. Kilio hicho ndicho mlichokuwa mnakisubiri. Kikijirudia kwa wiki kadhaa, muongezeni mlezi mwingine, labda bibi: aanze kwa kumlisha mchana wewe ukiwepo, na kuogesha kufuate wiki inayofuata.