Kulinda Mafaili ya Zamani Muundo wa Data Unapobadilika

Toleo jipya la programu likitoka, msimbo wa zamani unaweza kufutwa siku hiyohiyo, lakini mafaili ambayo watumiaji waliyahifadhi kwa toleo lililotangulia yatabaki kwenye diski zao kwa miaka mingi, nao wana haki ya kuyafungua bila kujua lolote kuhusu mabadiliko tuliyoyafanya. Kwangu hili ni jukumu zito kuliko mengine yote ya kazi yetu, kwa sababu kitufe kilichohamishwa mtu hukizoea, ilhali kazi yake ikipotea haimrudii.

Msingi ni kuandika namba ya muundo ndani ya faili lenyewe tangu toleo la kwanza, wala namba hiyo isichanganywe na namba ya toleo la programu. SQLite, programu ya hifadhidata ambayo muundo wake wa faili wa sasa ulianza mwaka 2004 na ambao watengenezaji wake wamekusudia kuutunza hadi mwaka 2050, huweka namba mbili mwanzoni mwa faili, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika. Programu ikiitambua namba ya kusoma lakini ikakuta ya kuandika inazidi zile inazozijua, hulifungua faili kwa kusoma tu. Naupenda mno utaratibu huu, kwa kuwa mtumiaji anaiona data yake na programu ya zamani haiharibu isichokielewa.

Hatari kubwa zaidi haiko katika sehemu za data zilizoongezwa au kuondolewa, bali katika sehemu iliyobadilishwa maana huku jina lake likibaki lilelile. Tuseme muda ulihifadhiwa kwa sekunde, kisha toleo jipya likaanza kuusoma kama milisekunde: faili la zamani litafunguka bila onyo lolote, na dakika moja itakuwa milisekunde 60. Ni afadhali faili likatae kufunguka kuliko kudanganya. Kwa hiyo maana mpya ipewe jina jipya, na jina lililoachwa lisitumike tena kamwe. Protocol Buffers, zana ya kupanga data ambayo hutambua kila sehemu kwa namba, hata ina njia ya kutenga namba za sehemu zilizofutwa ili asiwepo wa kuzirudia.

Katika kugeuza data, faili la muundo wa 1 hupandishwa hadi wa 2, kisha wa 3, na kigeuzi, yaani msimbo unaofanya hatua moja ya kupandisha, kikishatolewa hakiguswi. Kigeuzi hicho kifanye kazi juu ya data ghafi, kisitegemee aina za data wala thamani za msingi (zinazojazwa pasipotajwa nyingine) za programu ya leo, kwani hizo zitabadilika na kukiharibu kimyakimya. Matokeo yaandikwe katika faili jipya, na la asili libaki mpaka uandishi ukamilike.

Kila toleo linapotolewa, hifadhini mafaili yaliyozalishwa na toleo hilo lenyewe, si yaliyotungwa kwa mkono baadaye, na yafunguliwe yote katika majaribio ya kila toleo linalofuata.