Barua ya Wakili Haimtoi Mvamizi Shambani

Juma lililopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Nairobi, simu mkononi. Alinionyesha picha za shamba lake la Kajiado: mahindi yamefika kifuani, nyumba ya mabati mapya, na juu ya bikoni ya pembeni, ile alama ya mpaka, mtu ameanika sufuria. "Wakili, hati ninayo," akasema. Nikamuuliza ninalomuuliza kila mteja: mtu huyu aliingia lini? Akahesabu kwa vidole. Huu ni mwaka wa tisa.

Ndani ya miaka hiyo alikuwa amemwandikia mvamizi barua tatu za kumtaka ahame, akatulia akiamini zinamlinda. Hapa ndipo watu wengi wa mjini wenye mashamba mashambani wanaponyang'anywa haki yao. Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kuidai. Ikipita, aliyekaa humo waziwazi, mfululizo na bila ruhusa anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akaomba aandikishwe kuwa mmiliki. Na katika kesi ya Githu dhidi ya Ndeete, 1984, ilisemwa wazi kwamba notisi ya kuhama peke yake haisimamishi hesabu hiyo. Kinachoisimamisha ni kufungua kesi, au kuingia na kulishika shamba kikweli, au mkaaji mwenyewe kukiri kwamba ardhi ni yako. Hata ukiuza, mnunuzi anairithi miaka iliyokwisha kuhesabiwa.

Sizungumzii anayekatiza shambani kwako akienda mtoni, wala ng'ombe wa jirani aliyeruka ua. Hayo mara nyingi chifu anayamaliza.

Tafadhali, msikodi vijana wa kubomoa usiku. Nimeona mwenye haki akisimama kizimbani kama mshtakiwa, na watoto wa mvamizi wakilala nje kwenye baridi. Inauma pande zote mbili. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 152E, inataka notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya siku ya kuwatoa, kwa lugha ya taifa na rasmi, ikieleza habari ya kubomoa majengo na kuvuna mazao yaliyomo. Nakala inapelekwa kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo. Wakiwa kundi kubwa, itangazwe katika angalau magazeti mawili ya taifa na kubandikwa sehemu zisizopungua tano shambani. Aliyepewa notisi naye ana haki ya kwenda mahakamani.

Kama umemruhusu mtu alime au alishe mifugo, usiishie kwa maneno. Andikeni karatasi moja: ruhusa ni ya nini, inaanza lini na kuisha lini, na yeye atie sahihi. Anayekaa kwa ruhusa yako hawezi kuja kudai kwamba alikaa kinyume nawe. Nimeona karatasi ya namna hiyo, imechakaa kwenye mikunjo, ikiokoa ekari nzima.

Yule mama tulimwagiza alete sachi mpya, yaani karatasi ya kuonyesha shamba limeandikishwa kwa nani, kutoka ofisi ya ardhi, na mpimaji aende akathibitishe bikoni. Notisi tunaiandaa, lakini hatuitegemei hiyo peke yake. Kesi tunaifungua mwezi huu, mwaka wa kumi haujaanza.