Frank McGee: jicho moja, mabao 14 na vita vya Somme

Frank McGee wa Ottawa, Kanada, aliacha rekodi ya mabao katika mechi moja ya Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya barafuni. Haijavunjwa hadi leo, na aliiweka akiona kwa jicho moja. Mwaka 1900, katika mechi ya hisani mjini Hawkesbury, kisahani kinachochezewa kilimpiga jicho la kushoto, likapofuka. Kisahani hicho ni kipande bapa cha raba ngumu chenye gramu 170 hivi, na zama zile hakuna aliyevaa kinga ya uso.

Asiye na jicho moja hupungukiwa kwanza na kipimo cha umbali wa vitu vya karibu, maana ubongo hukipata kwa kulinganisha picha za macho mawili. Pia upande mmoja haumwonekani mpaka ageuze kichwa. Kwa mazoezi, ubongo huzoea kutumia ukubwa wa vitu na namna vinavyopishana mtu anaposogea. McGee alikuwa refa kwa muda, akarudi kucheza mwaka 1903.

Tarehe 16 Januari 1905, wakigombea Kombe la Stanley, Ottawa waliwafunga Dawson City 23-2. McGee peke yake alifunga 14, nane kati yake mfululizo katika muda usiofika dakika 9. Rekodi hiyo isomwe pamoja na mazingira yake. Pasi ya mbele ilikatazwa, hivyo mshambuliaji wa kati mwenye mbio aliusukuma mchezo mwenyewe. Wapinzani nao walikuwa wamesafiri takriban kilomita 6,400 kutoka Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, sehemu kwa miguu, kisha kwa meli na treni, wakafika siku chache tu kabla ya mechi. Hata hivyo, siku tatu nyuma timu hiyohiyo ilimruhusu bao moja tu.

Alistaafu 1906. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijiunga na jeshi. Husimuliwa kwamba alipopimwa macho alibadilisha mkono tu, akaziba jicho lilelile bovu mara mbili. Lililo zito zaidi ni uamuzi wake wa baadaye. Luteni huyo wa Batalioni ya 21 aliumia goti Desemba 1915, akapewa nafasi ya kazi ya ofisini Le Havre, akaikataa na kurudi mstari wa mbele. Aliuawa katika vita vya Somme, karibu na Courcelette, Ufaransa, tarehe 16 Septemba 1916, akiwa na miaka 33. Mwili haukupatikana, jina lake limechongwa kwenye mnara wa Vimy, Ufaransa. Mwaka 1945 aliingizwa katika kundi la kwanza la Ukumbi wa Heshima wa Hoki.